Usiku wa Hoteli Tuliolipiwa na Baba Mudogo

Katika maisha yake yote Baba Mudogo alitupatia vitu viwili: kikohozi, ile wiki alipolala kwetu kwa sababu daraja lilikatika, na usiku mmoja katika hoteli ya matajiri. Kikohozi kilipona.

Baba Mudogo ni mdogo wake baba yangu. Baba alikufa mwaka uliotangulia. Ini lilimvimba, wakampeleka hospitali, wakamrudisha amefunikwa. Tukabaki Mama, mimi, wadogo zangu wawili, na shamba moja la mteremko hapa Burungu, milimani Masisi, udongo mweusi ambao ukisahau kijiti ndani yake unakuta kimetoa majani. Baba Mudogo ana ng'ombe wengi na shamba dogo lenye mawe. Alizoea kupita njia ya juu ya shamba letu, anasimama, anaweka mikono kiunoni, anatazama kama mtu anayesoma tangazo. Mimi nilimwiga mbele ya wadogo zangu, tumbo nikilitengeneza kwa mto wa kulalia. Walicheka mpaka mmoja akajikojolea. Mama alisema iko siku mdomo wangu utaniletea taabu. Ulikuwa umeshaleta: shuleni, prefe, mkuu wa shule, ananijua kuliko anavyomjua mke wake.

Sasa kuna jambo la mbegu, na bila hilo hutaelewa kitu. Katika ukoo wa baba yangu, mwanamke aliyefiwa na mume hatii mbegu ardhini mpaka anawishwe. Hampi mtu mkono. Anakula peke yake, kwenye sahani yake. Mwaka ukiisha, dada wa marehemu anampeleka kwenye maji ya moto ya mlimani, anamnawisha asubuhi jua likichomoza, kile kikwembe cheusi cha kilio, kitenge alichojifunga mwaka mzima, kinaachwa kichukuliwe na maji, na mama huyo anarudi nyumbani kushika jembe kama watu wengine. Akipanda yeye wa kwanza, shamba linabaki lake na watoto wake. Msimu wa mvua ukimkuta bado hajanawishwa, mtu mwingine wa ukoo anaweza kupanda, shamba lisilale. Na huyo akishapanda, hakuna wa kumtoa. Kwetu mtu hafukui mbegu ya mwenzake. Ukifukua, hata mbwa wa ukoo hawakujui tena.

Mwaka wa Mama ulikuwa umeisha. Mvua zilikuwa zimeanza kunyesha. Kilichokosekana ni maji.

Maji yenyewe yapo. Yanatoka ardhini pembeni ya nyumba ya zamani ya Mbelgiji aliyekuwa na ng'ombe huku, nyumba ya vigae vyekundu, na yananuka kama yai lililosahauliwa chini ya kuku. Nyanya yangu alinawishwa pale, na mama yake pia. Kisha mtu mwenye pesa akatoka Goma, akanunua nyumba, akazungusha seng'enge, akajenga bwawa la mawe, akaweka kibao: mahali pa kupumzisha mwili na roho. Shangazi alikwenda mara mbili kuomba. Mara zote mbili mlinzi wa mlangoni alimwambia ni kwa wateja tu. Shangazi akauliza kama roho ya mjane si roho. Mlinzi akasema hilo hakuambiwa.

Ndipo Baba Mudogo akaja kwetu, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa.

“Shemeji,” alimwambia Mama, “umeteseka sana. Nimelipa kule hoteli. Weye, binti yako huyu, na dada yangu. Mutaenda siku ya tano mangaribi, mulale. Asubui dada yangu anakunawisha. Njo mwisho ya kilio.”

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Shangazi, ambaye alikuwa anachambua maharagwe pembeni, alimtazama kaka yake kama vile amemwona ndege akiongea Kifaransa.

“Tutarudi asubui ile ile,” Mama alisema.

“Hapana. Mupumuzike. Chakula ya midi, ya muchana, imelipwa, masaji imelipwa. Motari atakuya kubachukua mangaribi. Batoto badogo babaki kwangu.”

“Juu ya nini mangaribi?” niliuliza. “Kunawishwa ni asubui.”

“Unataka tuachie bazungu chakula yetu?”

Kwa hoja ya chakula mimi hushindwa haraka.

Tulipanda pikipiki mbili, Shangazi mbele na kata ya kibuyu kifuani kama mtoto mchanga, mimi na Mama nyuma. Tulipita bariyeri mbili. Kwenye ya pili askari aliuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tunakwenda kupumzisha mwili na roho. Akatazama viatu vyetu, akacheka, akainua kamba. Siku zile barabara ya Sake, inayotoka Goma, ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha shule, kwa hiyo hoteli haikuwa na watu. Nadhani hata bila hela ya Baba Mudogo wangetufurahia.

Dada wa mapokezi alikuwa msichana mrefu mwenye nywele za kununua na Kifaransa cha kununua. Alimnyoshea Mama mkono. Mama akaficha wake ndani ya kikwembe cheusi, akainamisha kichwa. Mkono wa yule dada ulibaki hewani. Nikaushika mimi, nikautikisa vizuri, nikamwambia kwa Kifaransa kwamba Madame hampi mkono mtu yeyote, hata gavana. Uso wake ukabadilika. Tangu hapo Mama aliitwa Madame, na kila mtu alipita mbali naye kwa adabu.

Walituletea vitambaa vidogo vya moto kwenye sinia. Shangazi alichukua chake, akakinusa, akajifuta shingo, kisha makwapa yote mawili, akakikunja vizuri na kukirudisha. “Asante, mutoto,” alisema. “Njia iko na vumbi.”

Chakula cha jioni kilikuwa mezani, katika chumba chenye moto ukutani na pembe za nyati. Mama hakuweza kula nasi, akachukua sahani yake akaenda meza ya pembeni. Mhudumu akadhani Madame anapenda kula peke yake. Akamwashia mshumaa. Akamletea ua ndani ya glasi. Akasimama nyuma ya kiti chake, kitambaa mkononi, kama askari wa heshima. Mwaka mzima Mama alikuwa anakula kwenye kona ya jiko letu, akitupa mgongo, na hakuna aliyemwashia hata kibatari. Nilimwona anaunga viazi vyake na machozi, kidogo kidogo, bila sauti. Mhudumu akamuuliza kama chumvi imetosha.

“Imetosha,” Mama alisema.

Chumbani kulikuwa na kitanda kipana kama uwanja wa basketi, na majoho meupe ya taulo, na ndala za karatasi. Shangazi alivaa vyote pamoja, akalala juu ya mashuka bila kuyafunua ili asiyaharibu. Mama alitandika mkeka chini, maana ndivyo mjane analala. Nilimwambia akipanda kitandani hakuna atakayejua. Akasema baba yako atajua. Nikamwambia baba akituona hapa atauliza tumeiba wapi. Hakucheka. Mwaka ule wote sikuwa nimemchekesha hata mara moja, mimi ambaye nimemchekesha askofu siku ya kipaimara.

Alfajiri tulishuka kwenye bwawa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho, kengele za ng'ombe zinasikika bila ng'ombe. Mlango wa bwawa ulikuwa na mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, mlinzi wa maji. Akatueleza sheria. Kila mtu anavaa mayo ya kuogelea. Na kila mtu, kabla ya kuingia, anaoga kwanza pale kwenye dushi, na sabuni.

Shangazi aliitazama dushi. “Mayi ya hii kitu inatoka wapi?”

“Kwa tanki. Mayi ya mvua.”

“Basi haiwezekane.”

Tatizo lilikuwa hili: maji ya kwanza kumgusa mjane siku hiyo lazima yawe ya ardhi, ya pale. Mama hakuwa amenawa hata uso tangu jana. Tone moja la tanki lingeharibu kila kitu, ingebidi kusubiri siku nyingine, na siku nyingine nani angelipa? Shangazi akaanza kumweleza mama wa filimbi habari za ukoo, tangu babu aliyetoka upande wa Walikale na mishale yake. Mama wa filimbi akasema yeye anaheshimu, kwao pia iko desturi, lakini patron akimkuta mtu hajapita dushi, yeye njo anafukuzwa.

Nikamvuta Mama kwa ncha ya kikwembe, nikaingia naye kwenye kile chumba cha dushi, nikafunga mlango. Nikamsimamisha kwenye kona kavu. Nikafungua maji, nikaingia mimi. Mungu wangu, baridi ile. Masisi asubuhi, maji ya tanki. Nililia kama mbuzi.

“Mama, uko unanawa?” mama wa filimbi aliuliza nje.

Nikalegeza koo, nikatoa sauti ya Mama, ile anayotumia kwa katekista. “Niko nanawa, mama yangu. Mungu akubariki.”

“Na sabuni?”

“Na sabuni. Hata katikati ya vidole.”

Pale kwenye kona Mama alikuwa amejibana ukutani, kikwembe amekiinua hadi magotini kisiguswe na maji, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akauma ncha ya kikwembe. Sijawahi kupewa pointi shuleni zinazofikia hizo.

Tulipotoka, mimi ndiye niliyelowa na Mama ndiye mkavu, na mama wa filimbi alitutazama mmoja mmoja. Kisha akageuka kutazama ng'ombe asiyeonekana. Habari ya mayo hakuiuliza tena.

Ndani ya bwawa kulikuwa na mtu mmoja, Papa wa makamo kutoka Goma, tumbo juu ya maji, simu kwenye mfuko wa plastiki. Shangazi akachuchumaa ukingoni.

“Papa, samahani. Tuko na mujane.”

Yule Papa hakuuliza kitu. Alitoka majini, akavaa joho, akainama kidogo mbele ya Mama, akaenda kusimama nje kwenye baridi, miguu mitupu, mpaka tulipomaliza. Simjui, na yeye hatujui. Katika safari ile yote hakuna mwanamume mwingine aliyemtendea Mama vizuri namna hiyo.

Jua lilipogusa mawe, Shangazi aliteka maji kwa kata, akammwagia Mama kichwani, mabegani, mgongoni. Alisema na kaka yake aliyekufa, kwa Kihunde, polepole, kama unavyomwamsha mtu bila kumshtua. Alimwambia amwachie mkewe. Alimwambia watoto wapo, shamba lipo, mvua imekuja. Mvuke ulikuwa mwingi, harufu ya yai ilitufunika wote. Mama alifungua kikwembe cheusi, akakiachia majini, akavaa cha maua ambacho Shangazi alikuwa ameleta.

Zamani maji yale yalikuwa kijito. Kikwembe kingeshuka na mkondo, kingepotea bondeni. Sasa ni bwawa. Kikwembe kilizunguka, kikazunguka tena, kikatupitia kama samaki aliyepotea, kisha kikavutwa pembeni kwenye tundu la bomba. Kikaingia nusu. Bomba likakoroma, mashine ikanyamaza, maji yakaanza kupanda juu ya mawe na kumwagika kwenye viatu vya mama wa filimbi. Alipuliza ile filimbi kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu aajiriwe.

Mafundi walikuja na waya. Sisi tulipanda kwenda kula mayai, mkate na fromaji, ile jibini ya Masisi, na Mama alikaa meza moja nasi, akachota kwenye sahani yangu bila kuniomba. Alikuwa amerudi. Alizungumza juu ya mbegu alizohifadhi, juu ya mstari upi aanze nao Jumatatu. Shangazi alifanyiwa masaji, akatoka anatembea kama bugali ambao haujaiva, akasema hakujua mgongo wake una vitu hivyo vyote, akalala kwenye kiti cha bustani mdomo wazi. Saa za mchana zilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo. Nililala kwenye majani, nikapumzika mwili na roho kama kibao kilivyoagiza, na sikufikiria kitu.

Karibu na jioni dada wa mapokezi alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na kikwembe cheusi, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa.

“Madame amesahau hii.”

Shangazi aliruka kutoka kwenye kiti. Akarudi nyuma, mikono juu. Kilio hakirudishwi kwa mwenyewe, na huyu alikuwa amekirudisha kikiwa kimenyoshwa. Mama hakukigusa. Nilikichukua mimi, nikashukuru, na tulipopita daraja nikakitupa mtoni kutoka juu ya pikipiki. Shangazi alitazama nyuma mpaka daraja lilipopotea.

Mwanga ulikuwa bado upo tulipofika njia ya juu ya shamba letu. Niliona kwanza watu. Majirani zetu, wanaume kwa wanawake, kumi na zaidi, majembe mabegani, wanapanda mlima wamechoka na wanacheka. Kisha niliona udongo. Shamba lote lilikuwa limelimwa na kufunikwa, mstari kwa mstari, toka juu mpaka kwenye migomba ya chini.

“Mama ya hoteli amerudi,” jirani mmoja alisema. “Umenona siku moja tu. Tumekumalizia kazi yako.”

“Nani aliwaita?” Mama aliuliza.

“Shemeji yako. Alisema uko hoteli unapumuzika, tukusaidie salongo, kazi ya pamoja. Mbegu alileta yeye mwenyewe. Maharagwe muzuri.”

Hawakuwa wanajua. Nyuso zao zilikuwa wazi, walikuwa wanangoja asante. Mama aliwashukuru. Aliwapa mkono, mmoja mmoja, mkono ule ambao sasa ulikuwa huru kutolewa, na walipoondoka alikaa chini ukingoni mwa shamba na kikwembe chake kipya cha maua.

Baba Mudogo alitoka kwenye migomba anajifuta mikono. Wadogo zangu walikuwa nyuma yake, wanatafuna miwa aliyowanunulia.

“Shemeji,” alisema, “mulipumuzika?”

Nikasema mimi: “Tulipumuzika, Baba Mudogo. Na weye naona haukupumuzika hata kidogo.”

“Mutoto, chunga mudomo. Mvua haingojake. Nilifanya ili shamba isilale.”

“Mama amenawishwa leo asubui.”

“Miye nilitia mbegu jua haijatoka.”

Shangazi alikuwa amesimama katikati yao, kata mkononi. Nilingoja. Yeye ndiye aliyemnawisha, yeye ndiye mwenye neno. Alimtazama kaka yake aliye hai. Kisha akasema, “Ni ile kikwembe. Ilirudi. Kilio ikirudi hivi, inakuyaka na mambo.”

“Kikwembe haina jembe, Shangazi,” nilimwambia.

“Nyamaza.”

Baraza la ukoo lilikaa, wazee wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi ya Baba Mudogo, wakauliza mbegu ya kwanza ni ya nani, na kila mtu alijua ni ya nani. Walisema pia kwamba ni mtu mwema, maana ni nani mwingine kijijini aliyewahi kumpeleka mjane hotelini? Hilo lilisemwa kama ushahidi. Shangazi aliulizwa kama alimnawisha Mama vizuri. Akasema alimnawisha vizuri, lakini kikwembe kilirudi. Wazee wakatikisa vichwa kwa ajili ya kikwembe. Mama aliuliza kama anaweza kusema. Wakasema kikao kimeshafungwa.

Sasa Mama analima kwa watu, anarudi mgongo umekunjika, na hakuna masaji. Mimi bado naenda shule, kwa siku ambazo hawanifukuzi kwa sababu ya minerval, ada ya shule. Nikipita njia ya juu sitazami chini.

Maharagwe yalipokomaa Baba Mudogo alitutumia beseni moja lililojaa, Shangazi ndiye aliyelibeba. Hakuketi. Nilimwambia Mama tuyamwage kwa nguruwe wa jirani. Mama akasema nguruwe wa jirani hawasomi, hawana wadogo zao. Akayapika na mawese. Tulikula. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, udongo ule haujui kununa.

Kwetu beseni la mtu halirudi tupu. Unaweka hata yai moja, hata kitunguu, hata ndizi mbili. Mtoto yeyote analijua hilo kabla ya kujua kuvaa viatu. Mama alilisugua beseni kwa majivu mpaka likang'aa, akalifuta kwa kanga yake, akaniwekea kichwani. Nikagusa ndani kwa mkono. Hakukuwa na kitu.

“Umesahau kuweka,” nilimwambia.

“Sikusahau. Enda.”

Baba Mudogo alikuwa mbele ya nyumba yake, anaongea na wanunuzi wa ng'ombe wawili. Nilipiga magoti kama inavyotakiwa, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alilipokea akitabasamu, akachungulia ndani. Akalitikisa kidogo. Wanunuzi nao wakachungulia.

“Mama anasema asante,” nilisema, nikasimama, nikarudi nyumbani kwa njia ya juu.